Mida kwa Miguu: Namna ya Kuwaona Ndege wa Hori Maji Yakijaa

Mara ya kwanza nilipokwenda Mida kuangalia ndege nilifika saa tano asubuhi, darubini ya kuazima shingoni, nikijiona nimewahi. Ilikuwa siku moja baada ya mwezi kuandama. Mbele yangu palikuwa na mchanga na tope hadi macho yalipokoma, na huko mwisho, kwenye ukingo wa maji, vidoa vyeusi na vyeupe vilikuwa vikitembeatembea. Hivyo vidoa ndivyo nilivyopandia matatu kutoka Mombasa. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na ndoo ya kaa alinitazama, akaitazama darubini, akauliza, "Mwanangu, nani amekutuma saa hii maji yametoka?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sijatoka nyumbani bila kuhesabu maji kwanza, na karibu kila kitu kilichomo katika mwongozo huu kinatokana na swali la yule mzee.

Hori ya Mida, au kriki kama wengi wanavyoiita, iko Kaunti ya Kilifi, nyuma ya Watamu, yapata kilomita mia moja kaskazini mwa Mombasa. Bahari inaingia kupitia mlango mwembamba kisha inatanuka ndani, ikafanya eneo la maji, mchanga, tope na mikoko lenye ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi. Hakuna mto unaoonekana ukimwaga humo. Maji baridi yanaingia chini kwa chini, yakichuruzika kwenye mwamba wa matumbawe. Hori ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na tangu 1979 eneo la Malindi na Watamu limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za mazingira hai. Njia zake ni fupi na tambarare. Nimewahi kumpeleka mama yangu mwenye goti baya, na aliyelalamika zaidi siku hiyo ni mimi.

Kwanza: chagua siku kwa kutazama mwezi

Ndege wa hori wanakula pale maji yalipotoka. Maji yakipwa kabisa, uwanja wao ni mkubwa mno, wanatawanyika, na wengi wako mbali. Maji yakianza kujaa, uwanja unapungua, nao wanasogea hatua kwa hatua kuelekea ufukweni, yaani kuelekea kwako uliyekaa kimya. Kwa hiyo unatafuta siku ambayo maji yatakuwa yakijaa huku jua likiwa mahali pazuri.

Hesabu ya wavuvi inatosha. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanatoka sana na kujaa sana, na tofauti kati ya kupwa na kujaa kwenye pwani yetu inaweza kukaribia mita nne. Siku hizo bahari inajaa jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, baada ya kupwa saa tano au adhuhuri. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ukifika siku ya saba hadi ya tisa tangu mwezi kuandama, na tena ya 22 hadi ya 24, ni maji mafu. Hapo yanajaa kuelekea adhuhuri, lakini kwa uvivu, na hayawasukumi ndege sana.

Mimi huchagua bamvua bila kufikiri mara mbili, na sababu ya pili ni jua. Njia ya mbao na kibanda cha kuchungulia viko upande wa magharibi wa hori, upande wa barabara kuu, na unatazama mashariki. Asubuhi jua linakupiga machoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Jioni jua liko mgongoni kwako, na unaweza kuona hata rangi ya miguu, jambo ambalo kwa ndege hawa mara nyingi ndilo linaloamua jina.

Usiyeijua hesabu ya mwezi, tafuta jedwali la maji la Kilindini mtandaoni. Kumbuka tu kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bahari wazi, kwa sababu yote lazima yapite kwenye ule mlango mmoja. Panga kufika masaa matatu kabla ya kujaa. Maji yakishajaa kabisa kwa bamvua, mchanga wote unafunikwa na ndege wanahamia mikokoni au sehemu nyingine. Ukija saa hiyo utaona maji mazuri sana, basi.

Pili: msimu

Wengi wa ndege hawa ni wageni. Wanazaana kaskazini kabisa mwa dunia, au katika nyanda za Asia ya Kati, na wanakuja kwetu kukwepa baridi. Wanaanza kurudi mwezi wa Agosti, na kuanzia Oktoba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hori inakuwa imejaa. Aprili wanaondoka. Ukiweza kuvumilia joto la mwisho wa Machi, nenda hapo: ndege ambao miezi yote wamekuwa wa kijivu wanaanza kuvaa nguo za harusi. Yule mdogo mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea, kutoka Siberia, anageuka rangi ya tofali kuanzia kifuani hadi tumboni, na wageni wengi hudhani ni ndege mwingine.

Wakati wa kusi na masika wanabaki wachache, hasa vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Mikoko ipo, kaa wapo, heroe (flamingo) pengine wapo. Ila kama umetoka mbali kwa ajili ya ndege, subiri.

Tatu: mfuko

Darubini ya 8x, yaani inayokuza mara nane, inatosha, na kwa mikono inayotetemeka ni bora kuliko ya 10x. Kama una rafiki mwenye ile kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu, mbembeleze aje. Kofia, maji ya kunywa kuliko unavyodhani unahitaji, dawa ya mbu kwa jioni, daftari na penseli. Viatu viwe vyenye mkanda wa nyuma, au zile yeboyebo za plastiki. Kandambili zitabaki matopeni. Moja yangu ipo huko mpaka leo.

Nne: kufika, na mwongozaji

Matatu za Mombasa na Malindi zinapita barabara kuu. Shuka Mida, kusini kidogo mwa njia panda ya Gede, kisha tembea au chukua boda hadi ufukweni. Lipa kiingilio mlangoni bila kunung'unika. Njia ya mbao ilijengwa chini ya mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya, na pesa hizo zinasaidia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Chukua mwongozaji wa pale pale kijijini, hata kama unawajua ndege. Wengi wao wamezaliwa hapo na wanajua wapi mchanga unabeba mtu na wapi utazama hadi magotini. Wanajua pia jana ndege walilala wapi. Msalimie vizuri kwanza, ulizia habari za nyumbani, kisha mwambie wazi unachotaka: "Kaka, nina masaa matatu, nataka kukaa tu kwenye kibanda." Usiposema atakupeleka mbio kila mahali akidhani ndivyo wageni wanavyopenda.

Tano: njia ya mbao

Njia inaanza nchi kavu na kuingia mikokoni, ikiwa imening'inizwa kwa kamba na nyaya. Inayumba. Ukiwa na mtoto, mshike mkono. Ukiwa na mtu anayeogopa, mwambie atazame mbele na mtembee mkipeana nafasi, maana hatua za watu wawili zikigongana ndipo inapoyumba zaidi.

Wengi huipita upesi kukimbilia ndege. Simama katikati. Ule wenye mizizi kama miguu ya buibui iliyojipinda ndio mkoko wenyewe, na yale marefu ya kijani yanayoning'inia kama bamia ni miche iliyoota ingali juu ya mti, ikingoja kudondoka. Mchu unautambua kwa vijiti vinavyochomoza matopeni kuuzunguka pande zote. Hiyo ni mizizi ya kupumulia, na ndiyo sababu hutakiwi kushuka na kukanyaga. Chukua jani lake moja, uguse upande wa chini kwa ulimi: chumvi. Mti unainywa bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Mkandaa ni mdogo, umesongamana, na gome lake lilitumika kutia ngozi rangi. Kwa miti hii ziliezekwa nyumba za Lamu, na majahazi yalibeba boriti kwenda Oman na Ghuba ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Hadi leo ukimsikia fundi wa pwani akitaja fito, pau, mazio na boriti, anataja unene wa nguzo za mikoko.

Chini yako kuna kaa wenye gando moja kubwa kuliko mwili, wakilipungia kana kwamba wanaita teksi. Hao ni madume. Angalia pia samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wanaorukaruka topeni na kupanda mizizi. Watoto watataka kubaki hapo, na sioni ubaya.

Sita: kibandani

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ingia kimya, kaa, usitoe mkono nje ya dirisha kuonyesha. Dakika kumi za mwanzo usitafute jina la ndege yeyote. Tazama tu wanavyokula.

Wenyeji wengi huwaita wote vitwitwi, na kwa mbali wote ni wa kijivu kweli. Lakini wamegawanyika. Kuna wenye mdomo mfupi na macho makubwa: anakimbia, anasimama kama sanamu, anadonoa, anakimbia tena. Huyo anawinda kwa macho. Kuna wenye mdomo mrefu wanaotembea bila kusimama, wakichoma tope kama fundi cherehani. Hao wanatafuta kwa ncha ya mdomo, ambayo inahisi mnyoo asiyeonekana. Ukishaligawa kundi hivyo, kazi imepungua nusu.

Halafu tazama mdomo wenyewe. Mkubwa kuliko wengi, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ni sululu. Ukiwa umewahi kuchimba msingi kwa sululu hutamsahau. Mdogo, miguu mifupi ya njano, mdomo umepinda kwenda juu, anayekimbia ameinama kama mlevi anayefukuzwa, ni Xenus cinereus. Maji yakipanda anakwenda kutua kwenye matawi ya mikoko pamoja na masululu. Yule mnene wa kijivu anayejitenga na kukaa peke yake, Pluvialis squatarola, ngoja aruke: akifungua mbawa utaona weusi kwapani. Hakuna mwingine pale mwenye kwapa jeusi, kwa hiyo hata anayeanza leo hawezi kukosea.

Yangeyange na kulastara utawaona bila kuwatafuta. Heroe, wakiwepo, wanasimama mbali kwenye maji ya kina kifupi, na wapiga picha wote watakuwa wamewageukia. Waache.

Wewe mtafute mla kaa. Vitabuni ni Dromas ardeola, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Duniani hana ndugu wa karibu, amewekwa katika familia yake peke yake, na Mida ni mojawapo ya sehemu nzuri sana za kumwona, wakati mwingine kwa mamia. Chagua mmoja, mfuate kwa darubini dakika tano. Anatembea polepole kama mtu aliyeangusha shilingi. Anasimama, kichwa kimeinama. Kaa anachomoza. Hatua tatu za mbio, na kaa yuko mdomoni. Akiwa mdogo anamezwa mzima. Akiwa mkubwa anatikiswa hadi miguu ing'oke, anawekwa chini, anadonolewa, anaokotwa tena.

Sasa tafuta kati yao mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi. Huyo ni mtoto wa mwaka. Utamwona akimfuata mkubwa mmoja nyuma nyuma, kichwa amekiinamisha, akilia mluzi mwembamba, na mkubwa akikamata kaa anageuka kumpa. Amezaliwa kwenye shimo lililochimbwa mchangani, kwenye ufuko au kisiwa cha huko Oman, Ghuba au Somalia. Yai moja tu, jeupe, ndani ya chumba cha chini ambako joto la mchanga linasaidia kulalia. Makinda ya ndege wengi wa jamii hii ya ufukweni hujitafutia tangu siku ya kuanguliwa. Huyu amevuka bahari na bado analishwa. Mama yangu alipomwona alicheka hadi tukakaripiwa na mtu wa pembeni: "Huyo si kama mjomba wako?"

Maji yakiwa yamebakiza nusu saa kujaa, kipande cha mwisho cha mchanga mbele ya kibanda kinakuwa kimesongamana. Hapo ndipo pa kuhesabu. Hesabu kumi, jifunze ukubwa wa kumi hao kwa macho, kisha rudia kipimo hicho kwenye kundi zima. Andika idadi, saa na hali ya maji. Ukipenda rekodi yako isaidie, ipeleke Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya.

Saba: kama unataka kushuka mchangani

Matembezi ya mchangani ni ya maji yakitoka, kwa hiyo siku ya bamvua unaweza kuanza saa nne na mwongozaji, mkazunguka, mkapumzika kivulini, kisha mkaingia kibandani mchana. Siku nzima, lakini hakuna hatua iliyo ngumu.

Mambo mawili nayasisitiza. Maji ya hori hayaji kutoka mbele kama mawimbi ya ufukweni. Yanapanda kwanza kwenye mifereji, na mfereji unaweza kuwa nyuma yako. Masaa mawili ya katikati ndiyo yanayojaa kwa kasi zaidi, yakileta karibu nusu ya maji yote. Mwongozaji akisema turudi, rudini, hata kama umeona kitu.

La pili ni umbali. Ukiona vichwa vyote vimeinuka na wameacha kula, umekwisha kuwa karibu mno. Rudi hatua kadhaa na usubiri. Ndege anayejiandaa kuruka hadi Siberia anaweka mafuta mwilini gramu kwa gramu, na kila anaporushwa anayachoma. Nimeona watu wakilikimbilia kundi lililolala ili wapate picha ya mbawa. Kundi liliruka, likazunguka mara tatu, likatua upande wa pili wa hori, na sote tuliobaki kibandani tukabaki tukitazamana.

Nane: jioni

Una njia mbili. Ukishikwa na njaa, nenda Dabaso, kwenye Crab Shack, mkahawa wa kikundi cha wenyeji uliojengwa juu ya nguzo kati ya mikoko, ukale sambusa za kaa. Agiza mapema, maana jua linapokaribia kuzama meza zinaisha.

Au baki Mida. Kati ya Novemba na Machi, saa kumi na mbili hivi, keremkerem wekundu, wale ndege walao nyuki, wanaanza kurudi kutoka bara kuja kulala mikokoni. Kwanza watano, kisha ishirini, kisha huhesabu tena. Wanapita juu ya kibanda wakiitana, wekundu wao ukiwa umewashwa na jua la mwisho, wanatua, wanaruka wote, wanatua tena. Inachukua kama nusu saa. Mwambie boda akufuate saa kumi na mbili na nusu kamili na umlipe nusu mapema, kwa sababu baada ya hapo mbu wanaingia kazini, na matatu ya kurudi mjini baada ya magharibi hupita ikiwa imejaa.